Bi Pasi na Maswali ya Sehemu ya Pili

Mashati ya mwalimu wa udereva yalianza kuletwa dukani yakiwa safi.

Mtu mwingine asingegundua, lakini dobi hadanganyiki kwa shati. Shati lililovaliwa lina weusi wa kola na mkunjo wa kiwiko, na lina harufu ya mwenyewe hata kama amejimwagia nusu chupa ya manukato. Haya yalinukia sabuni. Mwenyewe alikuwa ameyafua nyumbani, akayafinyanga kwa mikono mpaka yakajikunja, akayatia kwenye mfuko na kuyaleta yafuliwe upya. Bi Pasi alipoligundua hilo mara ya kwanza alimwita mdogo wake, ambaye walikuwa wakifanya kazi pamoja, akampa shati moja alinuse.

"Huyu ana wazimu wa usafi," Bi Pasi akasema.

"Ana wazimu wa mwenye duka," mdogo wake akamjibu, na wakacheka mpaka suruali ya mteja ikaponea chupuchupu kuungua.

Bi Pasi hakuwa mtu wa kuchekacheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono minene iliyozoea mvuke. Jina hilo alipachikwa na wateja zamani, alipobaki peke yake na duka baada ya mumewe kufariki. Watu walidhani atalifunga. Yeye akachukua msumeno, akaikata miguu ile meza ya kupigia pasi iliyokuwa ndefu mno kwa kimo chake, akaendelea na kazi. Binti yao wa pekee alikulia humohumo dukani. Alilala kwenye kapu la mashuka yanayosubiri kunyooshwa, na kuhesabu alijifunzia kwenye vifungo vya makoti ya watu.

Mwalimu wa udereva naye mtaa mzima ulimwita Bwana Klachi, kwa sababu ndilo neno lililokuwa likitoka dirishani mwa gari lake kutwa nzima: "Klachi. Kanyaga klachi. Nimesema klachi, hiyo ni breki." Alikuwa mgane, mtu mpole, soksi zake zinalingana na tai. Alipotaka kumposa Bi Pasi alimtuma mdogo mtu, kwa adabu zote, na Bi Pasi akarudisha jibu kwa adabu hizohizo: anashukuru sana, ila hana mpango wa kuolewa tena. Bwana Klachi akaja dukani mwenyewe kusema ameelewa. Akaacha mashati, akaondoka.

Kesho yake gari lenye kibao juu ya paa likaja kujifunza kuegesha mbele ya duka la dobi.

Barabara ile ilikuwa na nafasi tele. Mbele ya fundi viatu palikuwa wazi, na mbele ya duka la rangi vilevile. Lakini kila mwanafunzi wa Bwana Klachi, awe kijana anayejiona keshajua au mama mtu mzima anayetetemeka mikono, alifundishwa kurudi kinyumenyume mbele ya mlango wa Bi Pasi na si kwingine. Gari linaingia, linatoka, linaingia tena, linagonga ukingo, linazimika. Na ndani yake, kwenye kiti cha pembeni, Bwana Klachi haangalii vioo wala usukani. Anaangalia dukani.

Halafu ukaja ujumbe wa simu: "Leo umevaa kilemba cha bluu. Kinakupendeza." Bi Pasi aliusoma, akakivua kilemba, akakitupa chini ya meza na kushinda kichwa wazi siku nzima huku nywele zikimtimka kwa mvuke. Hakujua kwa nini amekivua. Kilemba kilikuwa chake, na kweli kilimpendeza.

Akaanza kuingilia mlango wa uani. Ujumbe mwingine ukaja: "Siku hizi unapita nyuma. Kuna matope, angalia usiteleze." Maneno ya upole kabisa. Ungemsomea mtu yeyote angesema bwana huyu anajali. Bi Pasi yalimfanya aigeuze simu kifudifudi mezani.

"Mimi sikuelewi, dada," mdogo wake alimwambia wakikunja mashuka ya nyumba ya wageni, kila mmoja kashika pembe zake. "Hajakutukana. Hajakugusa. Kwako hajawahi kugonga hodi. Anakuambia usiteleze, unanuna."

"Nimeshamwambia sitaki."

"Ulimwambia hutaki kuolewa. Hukumwambia hutaki kutazamwa."

"Kumbe na hilo mpaka mtu aambiwe?"

"Basi nenda polisi."

"Niwaambie nini? Kwamba kuna watu wanajifunza kuegesha magari?"

Wakakutanisha pembe za shuka. Mdogo mtu akacheka. Bi Pasi naye akajaribu, akaishia kuvuta shuka jingine.

Basi akawa katika hali hiyo, haelewi kama ana shida au ana deko, msichana wa utafiti alipoingia dukani. Alikuwa na begi mgongoni na kadi ya chuo shingoni. Alisema wanazungukia maduka ya mtaa huo kuuliza watu wazima kuhusu kuandamwa.

"Kuandamwa na nani?"

"Na mtu yeyote, mama. Mtu anayekufuata, anayekupigia, anayekusubiri mahali, na wewe hutaki."

Bi Pasi alichomoa pasi ukutani. Mdogo wake alikuwa ameenda kupeleka mapazia, duka lilikuwa tupu. Wakaketi nyuma ya bomba la kutundikia nguo, katikati ya makoti yaliyovishwa nailoni, pale ambapo mtu wa barabarani haoni. Msichana alieleza kwanza masharti yake: jina haliandikwi, huandikwa namba tu, swali lolote unaweza kulikataa, na ukichoka unaacha. Maswali yana sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ilimtoa Bi Pasi jasho zuri. Je, kuna mtu amekuwa akija karibu na mahali unapofanya kazi bila sababu ya kueleweka? Ndiyo. Amekutumia ujumbe usioutaka? Ndiyo. Amekujulisha kwamba anaona unachovaa au unapopita? Ndiyo, ndiyo. Umebadilisha njia, au saa zako, kwa sababu yake? Bi Pasi alitaka kumkumbatia aliyetunga maswali yale. Kumbe kuna watu wamekaa chini wakalifikiria jambo lake, wakalipanga vipande vipande, kilemba na matope na yote. Alieleza hata yale ambayo hakuulizwa. Msichana alimsikiliza bila kumkatiza, na mara mojamoja aliitikia kwa kichwa.

"Sasa tunaingia sehemu ya pili," akasema. "Hii inahusu mambo ambayo huenda wewe umemfanyia mtu."

"Mimi?"

"Wote tunawauliza yote, mama. Usijisikie vibaya."

"Sijisikii vibaya. Uliza."

Je, umewahi kumpigia mtu simu mara kwa mara baada ya yeye kukuambia usimpigie? Hapana. Umewahi kutumia simu ya mtu mwingine ili apokee? Hapana, Bi Pasi akasema, na kidogo akatabasamu kwa ujinga wa swali. Umewahi kwenda mahali anapofanya kazi mtu, ukijua hataki kukuona?

"Ha..." Bi Pasi akaishia hapo. Akaupapasa mkono wa koti lililokuwa karibu naye. "Ngoja. Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

"Hata kama ni mtu wako?"

"Hata kama ni wako."

"Hata kama umemzaa?"

Msichana aliinua kidole kutoka kwenye kioo cha simu yake. Alionekana naye hakulitegemea hilo. "Swali linasema mtu yeyote, mama," akajibu polepole.

Binti yake Bi Pasi alikuwa mtoa dawa katika duka la dawa karibu na posta. Walikuwa wameishi pamoja miaka yote, na ukimuuliza Bi Pasi angekuambia hawakuwahi kugombana. Kilichokuwepo ni mazoea ya kazi. Dobi hupekua mifuko kabla nguo haijaingia majini, asije akaua simu ya mtu au kalamu ikamwaga wino, na yeye aliipekua mifuko ya bintiye nyumbani kama anavyoipekua ya wateja. Tofauti ni kwamba wateja hakuwauliza. Binti aliulizwa: hii tiketi ulikwenda wapi, hii risiti ulikula na nani. Kisha siku moja Bi Pasi akaenda kuonana na mkuu wa lile duka la dawa, akamwomba asimpange binti zamu za jioni kwa kuwa kifua chake ni dhaifu tangu utotoni. Binti alikuwa amejitahidi mwaka mzima kupewa zamu hizo. Hakupiga kelele. Alifungasha vitu vyake mama akiwa kazini, akaacha ujumbe kwenye simu: "Mama nakupenda. Ila usije kazini na usinipigie. Nikiwa tayari nitakutafuta mwenyewe."

Mama mtu alipiga papo hapo. Ilipoacha kupokelewa alipiga kwa simu ya mdogo wake, akapiga kwa simu ya fundi viatu, akaazima za wateja. Akaanza kwenda duka la dawa kununua vidonge vya kichwa. Kichwa hakikumuuma. Alisimama kwenye foleni, binti akimwona anaingia chumba cha nyuma, na mwenzake anakuja kumhudumia Bi Pasi kwa uso wa aibu. Droo ya jikoni ilijaa vidonge ambavyo hakuna aliyevifungua. Mara moja alimfuata kwa mbali alipotoka kazini, apate tu kujua analala chini ya paa la namna gani. Paa lilikuwa zuri. Baadaye akaenda kutundika kwenye geti gauni la binti lililokuwa limebaki nyumbani, kalinyoosha vizuri, kalivisha nailoni. Haukupita muda binti akahama tena. Bi Pasi alidhani mwenye nyumba alikuwa mkorofi.

Hayo yote hakumweleza msichana wa utafiti. Alimjibu tu, "Ndiyo." Kisha akamwambia arudi kwenye yale maswali mawili ya mwanzo, kwa sababu nayo ni ndiyo. Na yaliyofuata yakawa ndiyo, isipokuwa machache. Walipomaliza, msichana alimuuliza kama yuko salama moyoni, akamwachia namba ya washauri wa chuo ambao mtu anaweza kuzungumza nao bila malipo. Bi Pasi akamshukuru, akaichomeka pasi tena, akasahau kuwasha swichi. Mdogo wake aliporudi alimkuta akiipitisha pasi baridi juu ya suruali moja, kwenda na kurudi.

Bwana Klachi alikuja na mashati yake siku hiyohiyo kabla ya kufunga. Bi Pasi hakuupokea mfuko.

"Haya ni safi, mwalimu," alisema. "Sikuzote huwa ni safi. Yarudishe."

Bwana Klachi akautazama mfuko kana kwamba nao umemsaliti. "Basi nimekosea kuyaleta?"

"Sitaki uje tena. Sitaki kuona lile gari hapo mbele. Na simu yangu, usiniandikie."

"Bi Pasi, nimekukosea nini? Nimekuvunjia heshima?"

"Hapana."

"Mimi nakujali tu. Mtu akimjali mwenzake siku hizi ni kosa?"

Bi Pasi akaanza kumjibu kwamba ndiyo, ni kosa, akajikatiza. Maneno yale aliyajua. Aliyajua kwa sababu aliwahi kuyasema yeye, vivyo hivyo na kwa sauti hiyohiyo ya mtu aliyeonewa, mbele ya mkuu wa duka la dawa: mzazi akimjali mwanawe siku hizi ni kosa? Akamwonea Bwana Klachi huruma. Halafu ile huruma yenyewe ikamkera, kwa sababu alikuwa bado anamwogopa, na hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kumwogopa mtu na kumhurumia kwa wakati mmoja.

"Hata salamu?" Bwana Klachi akauliza.

"Hata salamu."

Akaondoka na mfuko wake. Mdogo mtu, aliyekuwa amesimama na rundo la taulo mikononi, alingoja mpaka atoke.

"Umemdhalilisha mtu wa watu."

"Nimemdhalilisha, au nimemwambia?"

"Sijui. Uso wake umeuona?"

"Nimeuona," Bi Pasi akasema. Kisha, kwa ghafla, akamuuliza: "Mwanangu huwa ananiogopa?"

"Nani akuogope wewe? Mama ni mama. Mama haombi ruhusa kwenda kumwona mwanawe."

"Lakini na huyu ulisema anaruhusiwa."

"Huyu ni mambo mengine."

"Ndiyo nakuuliza, mengine vipi?"

Mdogo wake aliziweka taulo mezani, akafikiri kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Wewe unampenda yule mtoto," akasema mwishowe.

"Na mwalimu naye anasema ananipenda."

Mdogo wake akazichukua tena taulo, akazipanga. Wakafunga duka.

Siku zilizofuata Bi Pasi alikuwa mtu wa kupoteza vitu. Alipachika namba za wateja kwenye nguo zisizo zao. Mchungaji alirudishiwa gauni la harusi, bibi harusi akapewa suruali, na yote yalisuluhishwa kwa kicheko na samahani nyingi. Kichwani alikuwa akigombana na yule msichana wa utafiti, akimweleza kwa nini kesi yake ni tofauti, na kila alipofika kwenye sababu yenyewe aliikuta ni ya Bwana Klachi pia. Mwishowe akavaa nguo za kutokea, akamwachia mdogo wake duka, akaenda chuoni.

Alimkuta msichana katika chumba chembamba chenye meza nyingi kuliko nafasi. Kulikuwa na kikombe cha chai kimewekwa juu ya rundo la vitabu na koti limetupwa kitini. Bi Pasi alilikunja lile koti kabla hajaketi. Mikono yake ilikuwa imeshalifikia.

"Nimekuja kufuta majibu yangu," akasema.

"Inawezekana, mama. Ni haki yako." Msichana alivuta kompyuta karibu. "Unapenda kuniambia sababu? Si lazima. Majibu yale ni ya uongo?"

"Si ya uongo."

"Ila?"

"Ila sijui kama ni ya kweli."

Msichana akaiacha kompyuta. Bi Pasi alizungusha mkoba magotini, kisha akauliza lile alilokuja nalo hasa.

"Mmeniweka kundi gani? La wanaoandamwa, au la waandamaji?"

"Yote mawili."

"Mtu anakaaje makundi mawili?"

"Wapo, mama. Katika watu niliowahoji mwenyewe huko madukani, wewe si wa kwanza kujibu ndiyo pande zote."

"Kwa hiyo mimi na yule mwalimu ni kitu kimoja."

"Sikusema hivyo. Maswali yangu hayajui moyo wa mtu. Yanauliza tu amefanya nini, na mwenzake alikuwa amemwomba nini."

"Na mama je? Mama anahesabiwa?"

Msichana alikisogeza kikombe cha chai. Alikuwa mdogo, pengine ana umri wa bintiye, na kwenye kidole alikuwa na wino. "Nikuambie ukweli, hilo tulibishana hapa ofisini," akasema. "Wengine walisema wazazi tuwaondoe, wengine wakasema tuwaache. Hatukukubaliana. Swali likabaki mtu yeyote."

"Wewe ulisema nini?"

"Nilisema waondolewe." Akacheka kwa haya. "Halafu nikakutana na wewe, sasa sijui."

Bi Pasi alikuwa amekuja akitegemea kwamba chuoni kuna mtu anayejua. Lile jibu lilimwacha hoi, na papo hapo likampunguzia kitu kifuani. Alikaa akiutazama mvuke wa chai usiokuwepo tena.

"Nifute, mama?"

"Acha kwanza," akasema. Njiani kurudi hakuelewa kama ameyaacha kwa ujasiri au kwa kuchoka tu.

Bwana Klachi alitoweka kwa muda, kisha mwanafunzi wake mmoja akaingia dukani na mfuko. "Nimetumwa," akasema. Juu ya mashati kulikuwa na boksi la biskuti. Bi Pasi aliutazama mfuko akamkumbuka fundi viatu na simu yake ya kuazima, na akachukia mara mbili, mara moja kwa lililofanyiwa yeye na mara moja kwa alilofanya. Safari hii hakusubiri. Alikwenda na simu yake mpaka kwa mwenye shule ya udereva. Yule mwenye shule, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alianza kwa kucheka na kusema mwalimu huyo ndiye mtu wake mtulivu kuliko wote. Bi Pasi akampa simu asome. Mzee alisoma ujumbe wa kilemba, akasoma wa matope, akaendelea kushuka. Jumbe zilikuwa nyingi kuliko Bi Pasi mwenyewe alivyodhani. Alipofika katikati tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Hakuna tusi hata moja," mzee akasema, kama mtu anayejisemea.

"Hakuna."

"Lakini ningekuwa wewe nisingelala." Akamrudishia simu. Bwana Klachi akahamishiwa kwenye uwanja wa mazoezi wa upande wa pili wa mji, na akaambiwa akionekana tena kwenye ile barabara kazi hana.

Gari lenye kibao halikuja tena. Ungetegemea Bi Pasi apumue. Badala yake alianza kushtuka kila gari lilipopunguza mwendo, akatoka mlangoni na pasi mkononi kutazama.

"Ulitaka aondoke, kaondoka, sasa unamtafuta?" mdogo wake akauliza.

"Nilipokuwa namwona nilijua yuko wapi."

Mdogo mtu safari hii hakucheka. Alikwenda kusimama naye mlangoni, wakatazama barabara pamoja, ambayo haikuwa na kitu.

Na duka la dawa hakwenda. Hakuapa wala hakumtangazia mtu, siku yake ya kawaida ya kwenda huko ilipofika miguu ilimpeleka hadi njia panda ya posta, akasimama, akarudi. Akawarudishia wateja simu walizosahau mifukoni bila kuomba kupiga. Kila alipojizuia alisubiri aone kama amefanya wema, na wema wenyewe haukujitokeza. Kuna siku alijiona mama mwenye heshima kwa mwanawe, na kuna siku alijiona mama aliyemtupa mtoto kwa sababu ya maswali ya mtu asiyemjua. Ile namba ya washauri aliipiga mara moja. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti nzuri, akamuuliza angependa kuzungumzia jambo lililompata au jambo alilofanya. Bi Pasi akasema atapiga baadaye.

Mdogo wake ndiye aliyekwenda duka la dawa, kwa kikohozi cha kweli, akarudi na habari.

"Kaniuliza kama mama mzima."

"Kauliza vipi?"

"Vipi kivipi? Kauliza. 'Mama mdogo, mama mzima? Mbona siku hizi haonekani?'"

"Kwa sauti ya kunikosa, au ya kushukuru?"

"Dada, alikuwa anahesabu vidonge."

Bi Pasi alimlazimisha aiseme ile sentensi tena na tena, mpaka ikapoteza maana yote na mdogo wake akakataa katakata kuirudia.

Simu ililia asubuhi moja ya mvua, duka limejaa nguo zisizokauka. Namba hakuifahamu. Moyo ulimwambia ni Bwana Klachi, akaiacha ilie. Ikalia tena. Akapokea bila kusema kitu.

"Mama?"

Akaketi juu ya kapu la mashuka. "Nipo."

"Nina tatizo la koti la kazini," binti akasema, haraka, kama aliyekuwa amefanya mazoezi. "Nimemwagikiwa na ile dawa ya zambarau ya vidonda. Mbele yote. Nimesugua na sabuni, imezidi."

"Umelipiga pasi?"

"Bado."

"Usilipige. Pasi italifunga doa, halitoki tena maisha." Sauti ya Bi Pasi ilikuwa imetulia, ilikuwa imepata pa kusimama. "Una spiriti hapo kazini? Weka kitambaa cheupe chini ya doa, kingine kiloweshe spiriti, gonga kwa juu. Usisugue, gonga. Zambarau itashukia kitambaa cha chini. Kikijaa, badilisha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kisipate rangi tena. Inachosha, lakini inatoka."

Alimsikia akigonga. Alikuwa ameliweka koti karibu, simu iko begani pengine, na kwa mbali palikuwa na sauti ya mlango na mtu anayeuliza bei. Bi Pasi hakusema lete nilifue mimi. Neno hilo lilikuwa tayari limefika menoni. Hakuuliza anaishi wapi sasa, wala kifua kinaendeleaje na mvua hii. Alikaa juu ya kapu, akisikiliza doa likigongwa upande wa pili wa simu.

"Inashuka," binti akasema.

"Eeh. Nilikuambia."

Maneno yakaisha, kukabaki kugonga tu. Halikuwa jambo la kawaida kati yao, kimya; Bi Pasi hakujua mtu hukaaje ndani yake.

"Basi, mama. Nitakupigia tena."

"Lini?" Neno lilishatoka. Kama angeweza kulirudisha, angelirudisha kwa mkono.

Upande wa pili kule kugonga kukasimama. Akasubiri. Alitaka kusema usijali, si lazima unijibu, lakini aliogopa kwamba hata hilo litakuwa ni kusukuma.

"Sijui, mama," binti akasema.

"Sawa."

"Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Simu ikakatwa. Mdogo wake alikuwa amesimama na henga mbili mkononi, akimsoma uso.

"Kasemaje? Amani au bado?"

"Doa linatoka," Bi Pasi akasema.

"Sijauliza doa."

"Mimi hicho ndicho nilichoelewa." Aliitazama ile namba kwenye kioo cha simu. Ilikuwa mpya, na sasa alikuwa nayo. Kidole kilielea juu ya sehemu ya kuihifadhi, kikarudi, kikaelea tena, kwa sababu hakujua kama amepewa namba au amepigiwa tu. Mteja akagonga kaunta akiulizia koti lake. Bi Pasi akaiweka simu mezani, kioo kikiwa bado kinawaka, akaenda kumtafutia.